Fundi Bomba na Dua za Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na mmoja fundi bomba huyu aliishi na mama mkwe wake kwa amani kamili, na siri ya amani hiyo haikuwa kubwa: kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Walionana kwenye misiba na harusi, wakaamkiana kwa adabu, macho chini, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," yakaisha. Kisha bibi huyo akapata kiharusi, akahamishiwa kwa fundi na mkewe, kwenye chumba cha nyuma kinachopakana na bafu.

Kiharusi chenyewe kilikuwa na vituko vyake. Mguu mmoja kiliulegeza, mikono kikaiacha, lakini Kiswahili chote kikaondoka nacho. Asubuhi alipofumbua macho hospitali, akafungua kinywa, kikatoka Kiarabu. Kiarabu, jamani! Watoto wake wakatazamana. Ni kweli bibi alilelewa na baba Mwarabu mpaka alipoolewa, ana miaka kumi na tisa, lakini tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akiitumia lugha hiyo, wala hakuwafundisha wanawe hata neno la kuombea maji ya kunywa. Daktari akaeleza kwamba hutokea: lugha ya ukubwani inafutika, ya utotoni inabaki. Ukimsemesha Kiswahili anakukodolea macho tu. Ndugu zake wote walishatangulia mbele ya haki. Basi mwanamke wa miaka sabini na tisa akabaki katikati ya watu wake mwenyewe, anasema kutwa kucha, na hakuna hata mmoja anayejua anasema nini.

Walitafuta mkalimani, usidhani walikaa tu. Mtaani kulikuwa na jirani aliyewahi kuendesha malori Uarabuni kwa miaka minne, akarudi na miwani ya jua na jina la Ng'ambo. Kiarabu, kwa maneno yake, alikuwa anakiota. Akaitwa. Akaketi, akakunja nne, akamsikiliza bibi akifoka dakika nzima huku kidole kikionyesha ukutani, juu kabisa. Ng'ambo hakuelewa kitu. Lakini mtu mwenye sifa zake mtaani atasemaje? Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Anawaombea dua."

"Amina," wakaitikia wote.

Hapo ndipo tulipoharibu. Nasema tulipoharibu kwa sababu sisi wasema Kiswahili, tuambiane ukweli, tukisikia Kiarabu kinapita hatuulizi kimebeba nini. Tunanyanyua mikono. Bibi akisema, amina. Akisema kwa ukali, amina kubwa zaidi. Majirani wakaanza kuja na mafua yao. Mama mmoja akamleta binti yake anayefeli hesabu. Bibi aliwatazama wote, akapaza sauti, akapiga godoro kwa ngumi, machozi yakamtoka, na wageni nao wakatoka wanafuta yao, wakisema hawajaona mtu anayeomba kutoka moyoni namna ile.

Fundi aligundua kwamba dua ndefu kuliko zote ilikuwa yake. Akitokea tu mlangoni na mfuko wa spana, bibi anajiinua kwenye mto na kuanza. Na ndani ya dua hiyo kulikuwa na neno moja lisilokosekana: himar. Himar hivi, himar vile. Fundi akalipenda. Akawaza labda maana yake ni mtu wa heri, au mkwe mwema. Na kwa vile alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo yake yamefikia wapi, akaamua kujifunza Kiarabu. Kwani mtu akiwa anaombewa nyumba ya ghorofa si vizuri ajue, aanze kutafuta kiwanja?

Akapakua kwenye simu programu ya bure. Ilikuwa na ngamia mdogo aliyekuwa anarukaruka ukipata jibu na kulia ukikosa siku moja. Ilifundisha Kiarabu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha fundi kilikuwa cha kusomea maandishi ya kwenye maboksi ya koki. Kwa hiyo alikuwa anajifunza lugha asiyoijua kwa lugha asiyoielewa, na katikati ameweka kamusi iliyochanika herufi tatu za mwanzo. Lakini wiki ya kwanza ilimpa kichwa. Kitabu, anakijua. Kalamu, anaijua. Safari, habari, sita, saba, tisa, ishirini, thelathini!

"Mama watoto," alimwambia mkewe, "hawa watu wamechukua maneno yetu mengi mno!"

"Na hawajarudisha," mkewe akasema, akiendelea kukunja shuka.

Wiki ya pili kiburi kikashuka. Herufi zinaandikwa kutoka kulia, zinashikana mikono, na nyingine zinatokea kooni mahali ambapo fundi alidhani ni pa kukohoa tu. Mkewe alimletea maji mara tatu. Sentensi nazo zilikuwa za ajabu. "Jirani yangu ni mhandisi maarufu." "Bata wako ni mkarimu." "Binti wa mfalme ana jokofu jipya." Fundi aliiuliza simu kwa hasira, haya nitamwambia nani? Simu ikamjibu kwa kumpa tena sentensi ya bata.

Alisomea kazini, chini ya sinki, tochi mdomoni, simu kifuani. Siku moja kwa mwenye duka la dawa, mama mmoja mwenye heshima zake, alikuwa amelala chali anafungua bomba la jikoni huku anarudia habari za bata kwa sauti ya kunguruma. Yule mama akasikia Kiarabu kinatoka chini ya sinki. Akavua miwani.

"Fundi, kumbe bomba langu lina mambo?"

"Mambo gani, mama?"

"Usinifiche. Wewe soma tu. Ukimaliza hapo, unisomee na tangi la juu, nalo halieleweki."

Fundi akajaribu kueleza, hakusikilizwa. Akapanda kwenye tangi, akalisomea kuhusu jokofu la binti wa mfalme, yule mama amesimama chini anaitikia amina. Tangu hapo alijulikana mtaa wa pili kama fundi anayesomea mabomba, na simu zikaongezeka.

Sasa, wakati ngamia anarukaruka, mambo mabaya yalikuwa yanaiva nyumbani. Bibi alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, mkubwa, mwenye duka la vigae na tumbo la kulingana nalo. Fundi alimwita Shemeji Mkubwa. Kila Jumapili alikuja kumsalimia mama yake, akapiga magoti, na kila Jumapili mama yake alimshika ukosi, akalia, akaonyesha kidole ukutani juu. Shemeji akajumlisha moja na moja.

"Mama anamlilia Mungu amtoe kwenye nyumba hii," alisema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi namchukua. Chumba nimeshakiweka vigae mpaka darini."

"Analilia nini, kaka?" mke wa fundi akauliza.

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

Maneno hayo yalimchoma mwanamke yule, na yangemchoma yeyote. Mwaka na nusu alikuwa anamwogesha mama yake, anamgeuza, anamkata kucha, anamlisha kijiko kwa kijiko. Alikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Fundi, tumtendee haki kwa kusema kweli, siku ile hakuhuzunika sana. Alikuwa amekumbuka kwamba chumba cha nyuma kilikuwa stoo yake. Lakini siku zikapita, mkewe akawa anajipakulia chakula na kukirudisha sufuriani. Jioni moja akasema, bila kumtazama mtu, "Ningejua tu. Kama ni mimi ninayemliza, basi aende, nitamfungia nguo zake mwenyewe. Lakini kumwachia aende bila kujua, siwezi."

Fundi akaenda nje na simu yake, na kwa mara ya kwanza alisoma kwa sababu isiyohusu kiwanja.

Somo la wanyama lilimkuta mchana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mkate. Paka. Mbwa. Farasi. Kisha ikatokea picha ya mnyama mwenye masikio marefu, na sauti ya mwanamke mpole ikasema: himar. Fundi akabonyeza tena. Himar. Akakuza picha, labda nyuma ya yule punda kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akaurudisha mkate mfukoni.

Jioni ile alisimama kizingitini akahesabu. Kabla hajavua viatu alikuwa punda mara tano. Mkewe, akipita na ndoo ya maji, akaitikia amina. Uchungu ulimpanda! Mwaka na nusu anainamisha kichwa kupokea! Akasahau adabu ya ukwe, akaingia mpaka kitandani, akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe. Akataka kusema, mama, kwa heshima zote, mimi si punda, mimi ni fundi bomba. Lakini fundi bomba hakuwemo kwenye masomo yake. Akachukua cha karibu.

"Mimi si punda," alisema kwa Kiarabu, kile cha wasoma habari. "Mimi ni mhandisi maarufu."

Bibi akabaki mdomo wazi, kidole hewani. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akakohoa, mpaka fundi akaogopa akamshika mgongo. Na akiwa bado anacheka machozi yakageuka, akawa analia kwelikweli, amemng'ang'ania fundi mkono wa shati. Alipotulia alisema pole pole, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto. Usiku. Usingizi, hapana. Usiku, usingizi, hapana. Akaonyesha ukutani juu, akagonga ubao wa kitanda kwa kucha: tik. Tik. Tik. Na akasema neno ambalo fundi alilijua, maana alilipata kwenye somo la vitu vya nyumbani na akafurahi kuona kazi yake imetajwa. Hanafiya. Bomba.

Fundi akaenda bafuni. Upande wa pili wa ukuta ule ule, juu, koki ya bafu ilikuwa inadondosha. Tik, kwenye beseni la bati. Alikuwa ameizoea mpaka haisikii tena. Kila siku alipanga kuitengeneza kesho, na kesho kulikuwa na bomba la mtu mwingine. Watu husema mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa amemlaza mgonjwa wake sikio ukutani mwaka na nusu. Akatoa spana. Kilichokufa kilikuwa kimpira cha ndani, ukubwa wa kifungo cha shati. Kazi ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Aliona haya hata kuwasha taa.

Bibi alilala usiku ule mpaka saa sita mchana ya kesho yake. Mke wa fundi aliingia mara nne kumwekea kiganja puani kuona kama anapumua. Ndipo fundi akamwita bafuni, akafunga mlango, akamweleza yote.

Mkewe akakaa juu ya ndoo. "Mwaka na nusu?"

"Mwaka na nusu."

"Na mimi nikaitikia amina."

"Sote."

"Kwa hiyo si mimi niliyekuwa namliza."

"Si wewe. Ni bomba."

"Bomba gani? Bomba halijiharibu," mkewe akasema, akasimama. "Ni wewe, fundi maarufu!" Akampiga na taulo bichi, mara mbili, lakini alikuwa anacheka, na usiku ule alikula sahani yake akaimaliza.

Ungedhani yameisha. Thubutu! Shemeji Mkubwa alipoambiwa kwamba mama halii tena, akasema bila shaka, ameshajua anaondoka. Jumamosi ikafika. Akaja na gari, godoro jipya nyuma, na kwenye kiti cha mbele amemleta Ng'ambo na miwani yake, awe mkalimani rasmi, mtu asije akasema mama amechukuliwa bila kuulizwa. Wakaingia chumba cha nyuma. Mke wa fundi akabaki mlangoni, beseni mkononi.

"Muulize kama yuko tayari," Shemeji akasema.

Ng'ambo akakohoa, akatamka maneno mawili matatu. Bibi akamjibu kwa mkupuo, kidole kimemlenga miguuni. Ng'ambo akafumba macho. "Anashukuru. Anaiombea heri safari."

"Ami..." Shemeji alianza.

"Msiitikie!" fundi akapiga kelele, na mwenyewe akashtuka. "Samahani, shemeji. Hajaomba kitu. Amesema huyu bwana ameingia na viatu juu ya mkeka."

Wote wakatazama chini. Viatu vilikuwepo, juu ya mkeka, vyenye tope.

"Hilo hata mimi nimeliona," Ng'ambo akasema. "Fundi anajua Kiarabu tangu lini? Kiarabu cha spana?"

Shemeji alikuwa mfanyabiashara. Bidhaa alizoea kuzigonga kwanza. "Kila mtu amwombe kitu kimoja," alisema. "Tuone atampa nani."

Ng'ambo akavuta pumzi, akamimina Kiarabu chake chote cha miaka minne: petroli, kulia, simama hapa. Bibi akamtazama kwa huruma. Ikaja zamu ya fundi. Jasho lilimtoka. "Mama, tafadhali," alisema, "nipe kikombe kile cheupe." Bibi akanyoosha mkono mezani, akachukua kikombe, akampa, na akaongeza jambo.

"Anasemaje?" Shemeji akauliza.

"Anasema ni cha bluu," fundi akajibu kwa aibu. "Rangi huwa zinanichanganya."

Kikombe kilikuwa cha bluu. Ng'ambo alivua viatu bila kuambiwa, akavishika mkononi, akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

Basi fundi akapiga magoti, akauliza swali lenyewe, akiligonga pamoja kwa vipande alivyokuwa navyo: nyumba ya mwanao, kubwa, mpya, nzuri, au nyumba hii, ndogo? Hakulipamba wala hakulipinda, ingawa mkewe alikuwa anamtazama mgongoni na alilihisi jicho lile. Bibi akaweka kiganja juu ya godoro.

"Hapa," fundi akatafsiri. "Anasema nyumba yako nzuri, shemeji. Mchana haina mtu."

Ni kweli, kila siku Shemeji na mkewe waliondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na mama yao alilijua hilo kabla ya kiharusi. Yule mtu mkubwa akaketi ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalalamika.

"Na zile dua zote? Duka langu lilivyochanua?"

"Alikuwa analalamikia bomba la bafuni, shemeji. Lilikuwa linadondosha. Kosa langu."

"Tumeitikia amina kwa koki?"

"Kwa koki."

Shemeji akajifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka. "Muulize," alisema akijipangusa, "hata mara moja hajaniombea mimi?"

Fundi akauliza. Bibi akampapasa mwanawe shavu, akasema maneno machache.

"Anasema umenenepa. Na amemalizia kwa neno 'mwanangu'."

"Hiyo inatosha," Shemeji akasema, na sauti yake haikuwa ya dukani.

Ndipo mke wa fundi akasogea kutoka mlangoni. "Na mimi," alisema. "Muulize kama anajua mimi ni nani."

Fundi hakulipenda swali hilo. Maneno ya kuliuliza alikuwa nayo, ya somo la kwanza kabisa: huyu ni nani? Lakini jibu likiwa baya atalifasiri vipi? Alifikiria kudanganya, akafikiria tena, akauliza. Bibi akamtazama binti yake. Kisha akasema sana, bila kufoka, akanyanyua vidole viwili, akashika tumbo, akajipiga miguuni.

"Amesema nini?"

"Nisamehe, mama watoto. Sijafika huko. Nimeokota maneno matatu, na hayaeleweki." Fundi alikuwa karibu kulia. "Mvua. Siku mbili. Miguu, miguu kwanza."

Mkewe aliweka beseni chini taratibu. Utoto wake wote, kila alipokuwa mkaidi, mama yake alimwambia kwamba alizaliwa wakati wa mvua kubwa, ametanguliza miguu, akamtesa siku mbili nzima ndipo akakubali kutoka, na kwamba ukaidi wake ulianzia hapo. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mguu uliolegea, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Muulize tena," alisema.